Chupa Nyembamba ya Kijani na Sato wa Kirumba

Safu hii ya maswali na majibu hupokea barua zinazohusu chakula na vinywaji vya mezani. Safari hii barua zilizotufikia kutoka mikoa ya kandokando ya Ziwa Victoria zilikuwa na jambo moja linalozifunga, nalo ni mvinyo mweupe wa Ufaransa usio ghali. Barua ya kwanza imejibiwa kwa urefu kwa kuwa imebeba maswali ambayo wengine pia waliyagusa. Majina ya waandishi tumeyaacha kwa ombi lao.

SWALI: Mwandishi wa safu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kirumba, na riziki yangu inatokana na kupika chakula cha sherehe. Mwezi uliopita mume wangu alileta wageni wa kazini, nami nikaingia katika duka moja la vinywaji hapa mjini kutafuta mvinyo wa kuwakaribishia. Muuzaji alinionyesha chupa mbili za Kifaransa: moja ya shilingi 120,000, na nyingine nyembamba, ya kijani, iliyoandikwa Picpoul de Pinet, ya shilingi 38,000. Nilichukua ya pili kwa sababu ya mfuko wangu, wala sitajisingizia ujuzi. Jioni nilikaanga sato wa soko la Mwaloni, nikasonga ugali na kukata kachumbari. Shemeji yangu aliuonja mvinyo kabla chakula hakijafika, akakunja uso na kusema umechacha. Lakini samaki walipowekwa mezani, chupa iliisha kabla ya sahani, na shemeji ndiye aliyemimina tone la mwisho. Tangu siku hiyo nimeulizia, na hakuna anayeujua. Wapo wanaonicheka kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza, na kwamba mvinyo wa Ufaransa wa bei hiyo lazima uwe wa kughushi au masazo. Je, huu ni mvinyo gani, kwa nini ni rahisi kiasi hicho, na je, naweza kuupendekeza kwa wateja wangu nisiaibike? (Mama wa Kirumba, Mwanza)

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na lile linalokusumbua zaidi: bei uliyolipa si dalili ya utapeli. Picpoul de Pinet, unaotamkwa takriban "pikpul de pine", ni mvinyo wenye jina linalolindwa kisheria, maana yake ni kwamba hakuna mtengenezaji anayeruhusiwa kuliandika jina hilo kwenye chupa isipokuwa zabibu zake zimekua katika vijiji vilivyotajwa na ni za aina iliyotajwa. Vijiji hivyo ni sita, Pinet kikiwa kimojawapo, na aina ya zabibu ni moja tu, Piquepoul nyeupe, isiyochanganywa na nyingine. Wenyeji hulieleza jina la zabibu hiyo kuwa ni "ichomayo mdomo", na uso wa shemeji yako ni ushahidi wa kutosha kwamba maelezo hayo yana mantiki. Hata huko kwao si mvinyo wa matajiri, kwani chupa nyingi huuzwa kati ya euro 5 na 10.

Kama bado una wasiwasi kuhusu chupa yenyewe, itazame kwa nje. Tangu mwaka 1995 watengenezaji wa eneo hilo wamekuwa na chupa yao maalumu, ndefu na nyembamba, ya kijani, yenye msalaba wa Languedoc (jimbo linakotoka mvinyo huu) uliochorwa kwenye kioo, ingawa si kila mmoja huitumia. Cha kuaminika zaidi kwetu sisi ni stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato, ambayo tangu mwaka 2019 hubandikwa kwenye mvinyo na pombe kali zinazouzwa nchini, na ambayo unaweza kuihakiki kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu. Chupa isiyo na stempu iache dukani, hata kama ina misalaba kumi.

Sasa nikupeleke huko ulikotoka mvinyo wako, kwa kuwa bila kupajua mahali hapo huwezi kuelewa kwa nini ulipatana na sato kiasi kile. Pinet ni kijiji cha Languedoc, kusini mwa Ufaransa, karibu na Bahari ya Mediterania. Mbele ya mashamba yake limelala ziwa la chumvi liitwalo Thau, lililotenganishwa na bahari kwa ukanda mwembamba wa mchanga, na upande wake wa bahari ndipo ilipo bandari ya Sète, iliyoanza kujengwa mwaka 1666. Mtu wa Mwanza akisimama kwenye ufuko ule na kuona mitumbwi, nyavu na wanawake wanaouza kilichotoka majini asubuhi, angeweza kudhani amefika kwa jamaa zake, mpaka aonje maji. Kwa ukubwa ziwa lile ni kidimbwi tu mbele ya letu: lina kilomita za mraba zipatazo 75, ilhali Ziwa Victoria lina zaidi ya 68,000. Lakini ndani ya kidimbwi hicho hufugwa chaza kwa wingi, wakining'inizwa kwenye kamba zilizofungwa kwenye fremu zilizosimamishwa majini, na kijiji cha Bouzigues kilichopo ukingoni kimeliuza jina lake Ufaransa nzima kwa sababu ya chaza hao. Wenyeji huwala wabichi, wakiwa na tone la limau au bila hilo, na glasi ya Picpoul pembeni. Kwa hiyo shamba la mizabibu na ziwa vimekuwa vikihudumia meza moja kwa muda mrefu, na mvinyo ambao haungepatana na kilichotoka majini usingepata mnywaji hata kijijini kwake.

Huenda ukajiuliza uchachu ule unatoka wapi, ikiwa Languedoc ni nchi ya jua kali. Swali hilo ni la msingi. Zabibu zikiiva katika joto, sukari hupanda na uchachu hushuka, na ndiyo maana mvinyo mweupe mwingi wa nchi za joto huwa mzito, wenye kileo kingi na ladha iliyolala. Piquepoul ni zabibu kaidi: huchelewa kuiva na hushikilia uchachu wake hata jua linapoitwanga majira yote ya kiangazi. Inasaidiwa na upepo wa baharini, ambao wewe unaujua kwa jina jingine, kwa kuwa ndio ule ule unaotoka ziwani mchana na kuwafanya watu wa Capri Point, mtaa wa Mwanza ulio kando ya maji, waone vibaya kuhamia Nyakato, mbali na ziwa. Mvuno ukifika, watengenezaji wengi hukata zabibu usiku au alfajiri ili zifike kiwandani zikiwa baridi, kisha huzichachusha katika matangi ya chuma cha pua yanayopozwa, ili harufu ya tunda isipotee. Kinachotoka ni mvinyo mkavu, yaani ambao hamira imeimaliza karibu sukari yote, wenye kileo cha asilimia 12 hadi 13 hivi, na ladha ya limau, tufaha la kijani na chumvi kwa mbali. Mimi binafsi nikiunywa hukumbuka embe bichi lililochovywa chumvi, lile tulilokuwa tukinunua nje ya geti la shule.

Hapo hapo kwenye matangi ndipo ilipo sehemu kubwa ya jibu lako kuhusu bei. Mvinyo mweupe wa kifahari mara nyingi hulazwa miezi mingi katika mapipa ya mwaloni (naomba wasomaji wa Kirumba wasicheke, huu ni mti, wala sizungumzii soko letu la samaki), na pipa moja jipya la Kifaransa la lita 225 hugharimu mamia ya euro. Picpoul kwa kawaida haupitii huko. Huvunwa Septemba, na kufikia majira ya kuchipua yanayofuata umeshatiwa kwenye chupa na umeanza kuuzwa, hivyo fedha ya mkulima hailali ghalani kwa miaka. Tena sehemu kubwa yake hutengenezwa na vyama vya ushirika, ambavyo wanachama wake hupeleka zabibu kwenye kiwanda kimoja badala ya kila mmoja kujenga chake. Cha Pinet kilianzishwa mwaka 1922. Wazee wetu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Waliuza pamba yao kwa njia hiyo hiyo enzi za shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, na wanajua faida yake kama wanavyojua pia kero zake.

Sababu iliyobaki ni umaarufu, au tuseme ukosefu wake. Unaponunua Chablis au Sancerre, mivinyo myeupe maarufu ya Ufaransa, sehemu ya bei unailipia jina ambalo dunia imelisikia kwa vizazi. Zabibu ya Piquepoul, kinyume chake, ilitumika kwa muda mrefu kama mali ghafi ya vinywaji vya watu wengine; katika mji wa Marseillan, ukingoni mwa Thau, kiwanda cha Noilly Prat huitumia pamoja na zabibu ya Clairette kutengeneza vamuthi, mvinyo unaotiwa mitishamba, ambao mapipa yake huachwa nje kwenye jua na mvua. Mwaka 1985 Picpoul de Pinet uliingizwa chini ya mwavuli wa jina pana la Coteaux du Languedoc, na ni mwaka 2013 tu ulipopewa hadhi ya jina lake wenyewe. Kwa hiyo wanaokucheka kwa methali hawajakosea methali, wamekosea soko. Chema hiki kinajiuza sana, ila kinajiuza Sète na Montpellier, na pia Uingereza, ambako kimependwa hasa katika migahawa ya samaki. Kinachotufikia Mwanza ni katoni chache ambazo mwagizaji mmoja alibahatisha.

Kuna jambo moja wanalosema kweli, nalo lazima nilikiri: kwa shilingi 38,000, unafuu huu ni wa kulinganisha. Chupa iliyouzwa kwao kwa euro 6 hufika kwetu ikiwa imebeba gharama za meli, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18, na kwa kuwa ushuru wa bidhaa kwa mvinyo hutozwa kwa lita, chupa ya bei ndogo huelemewa kwa uwiano kuliko ile ya bei kubwa. Ndiyo sababu sipendi kusikia mtu akiambiwa kwamba mvinyo wa Ufaransa wa chini ya shilingi 20,000 dukani ni bahati. Ukipiga hesabu, kilichobaki kwa ajili ya mvinyo wenyewe ndani ya bei hiyo ni kidogo mno.

Sasa tuje kwenye sato. Mpishi yeyote wa kandokando ya ziwa huwapaka samaki limau au ndimu ili kukata shombo, na kazi hiyo hiyo ndiyo inayofanywa na mvinyo huu mezani. Samaki wa maji baridi wakati mwingine hubeba harufu ya tope inayotokana na kemikali iitwayo jiosmini, na kemikali hiyo huvunjika inapokutana na tindikali. Mafuta ya kukaangia nayo huacha utando ulimini, na kinywaji kikali kidogo huusafisha, ukawa tayari kwa tonge linalofuata. Mvinyo mtamu haufanyi hivyo, unaongeza uzito juu ya uzito. Shemeji yako aliuonja ukiwa peke yake, akauhukumu kama mtu anayelamba limau bila samaki. Hukumu yake ya pili, ile ya kumimina tone la mwisho, ndiyo ninayoichukua mimi.

Kwa wateja wako, basi, uweke pamoja na sato wa kukaanga au kuchoma, minofu ya sangara iliyopakwa chumvi na kitunguu saumu, na hasa dagaa wa kukaanga wakavu wenye chumvi ya kutosha, ambao kwa maoni yangu ndio wanaoukaribia zaidi mlo wa kule Thau. Kwenye kachumbari punguza ndimu, la sivyo uchachu utapambana na uchachu, na pilipili isizidi, kwa kuwa kileo huuchochea mwasho. Usiupeleke kwenye samaki wa nazi mwenye sukari ya karoti na hoho nyingi, wala pamoja na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), kwa sababu utamu wa chakula huufanya mvinyo mkavu uonekane mchungu. Nyama choma iachie mvinyo mwekundu au bia.

Uupoze hadi nyuzi 8 au 10 za Selsiasi, na hapa ndipo sherehe nyingi za Mwanza huharibikia, kwa kuwa chupa hutolewa kwenye katoni iliyoshinda juani na kutumbukizwa kwenye barafu dakika tano kabla ya wageni kuhudumiwa. Njia ya haraka ni ndoo yenye barafu na maji kwa pamoja, pamoja na kiganja cha chumvi. Barafu peke yake hugusa chupa kwa nukta chache tu, ilhali maji huizunguka yote, na katika dakika 20 hivi mvinyo huwa tayari. Hata barafu ile ya kupozea samaki inafaa kwa kazi hii, mradi ibaki nje ya chupa na glasi zifutwe. Wageni wasiupewe kabla ya chakula kufika.

Kuhusu upatikanaji, muuzaji aliyekuuzia chupa ile anaweza kumwagiza tena msambazaji wake wa Dar es Salaam ukimhakikishia kuchukua katoni nzima ya chupa 6 au 12. Akina mama mnaocheza mchezo mnaweza kuchangia katoni kama mnavyochangia masufuria. Lakini kumbuka kwamba kuuza kileo kunahitaji leseni yake, tofauti na ya chakula. Iwapo huna, mshauri mteja anunue mwenyewe, wewe umpikie.

SWALI: Salaam, ndugu mwandishi. Nilinunua mvinyo mweupe mkavu wa Kifaransa uliokuwa umepangwa dirishani kwa duka moja mjini kwetu. Ulikuwa na rangi ya dhahabu iliyokolea kama chai ya rangi, na harufu ya tufaha lililopondeka. Nilipolalamika, muuzaji alinijibu kwamba mvinyo kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kuwa mzuri. Nani mkweli? (Mkazi wa Bukoba)

JIBU: Wewe. Msemo wa muuzaji ni wa kweli kwa mivinyo michache iliyotengenezwa kwa ajili ya kukaa, yenye sukari nyingi, uchachu mwingi au mwili mzito, kama ile mitamu ya Sauternes huko Ufaransa, ambayo huweza kuishi miongo. Mvinyo mweupe mwepesi wa bei ya kawaida hutengenezwa ili unywewe ukiwa kijana, na mwingi wake ni vyema uishe ndani ya miaka miwili au mitatu tangu mavuno. Rangi uliyoieleza na harufu ya tufaha lililopondeka ni alama za oksijeni kuingia na kuumaliza mvinyo. Haukukudhuru, lakini haukustahili fedha yako.

Dirisha lenyewe ni kosa la pili. Mwanga wa jua huamsha mabadiliko ndani ya mvinyo mweupe yanayoleta harufu ya kabichi iliyochemshwa au sufu iliyolowa, na chupa isiyo na rangi haizuii chochote; ya kijani hukinga kwa sehemu, ya kahawia zaidi. Joto nalo hutanua kimiminika, kizibo kikasukumwa, hewa ikaingia. Kwa hiyo ukiingia dukani usichukue chupa ya dirishani, omba iliyo ndani ya katoni mahali penye kivuli, kisha usome lebo. Mwaka ulioandikwa ni mwaka wa mavuno, na kwa Picpoul, Muscadet (mwingine mweupe mwepesi wa Ufaransa) na ndugu zao tafuta mwaka uliopita au wa kabla yake. Neno *sec* maana yake ni mkavu. *Moelleux* na *doux* ni mtamu. *Mis en bouteille à la propriété* huonyesha kwamba ulitiwa chupani na mzalishaji mwenyewe, ushirika ukihesabiwa humo, jambo ambalo si dhamana ya ubora ila hukuonyesha ni nani wa kulaumiwa.

Chupa ikishafunguliwa, irudishe kizibo chake na uiweke frijini. Itakuhudumia siku mbili, pengine tatu. Mimi masazo ya siku ya nne huyatia kwenye mchuzi wa sangara, kikombe kimoja kwa kilo moja ya samaki, kabla ya nyanya.

SWALI: Ndugu yangu mwandishi, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nansio. Huku kisiwani Ukerewe chupa za Kifaransa ni za kusimuliwa. Nikivuka kwenda Mwanza hupata mvinyo wa Dodoma na wa Afrika Kusini. Je, katika hiyo kuna mweupe unaoweza kushika nafasi ya Mfaransa kwenye meza ya samaki? Na kama siku moja nikimpata Mfaransa, nimtafute kwa jina gani zaidi ya hayo ya kila siku? (Mwalimu wa Ukerewe)

JIBU: Mwalimu, Mfaransa unaye tayari, ila amebadili uraia. Chenin Blanc ni zabibu ya bonde la mto Loire nchini Ufaransa, na ndiyo inayoongoza kwa kupandwa Afrika Kusini, ambako kwa muda mrefu iliitwa Steen; hupandwa pia Dodoma, mahali ambapo mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zabibu hii nayo ina tabia ya kutunza uchachu kwenye joto. Shida yake ni kwamba hutengenezwa kwa namna nyingi, kuanzia mkavu kabisa hadi mtamu kama juisi, kwa hiyo soma lebo na uchague ulioandikwa kuwa ni mkavu. Ule wa Dodoma una nafuu nyingine, kwani ushuru wa bidhaa kwa mvinyo wa zabibu za nyumbani ni mdogo kuliko wa zabibu za nje, na fedha yako nyingi zaidi inakwenda kwenye kilichomo chupani.

Ama kwa majina, ningekupa mawili. La kwanza ni Muscadet, hasa ule ulioandikwa Sèvre et Maine na maneno *sur lie*. Unatoka karibu na mji wa Nantes, Loire inapokaribia Bahari ya Atlantiki, na wengi hudhani jina lake linatokana na zabibu tamu ya Muscat, ilhali hauna uhusiano nayo. Zabibu yake ni Melon de Bourgogne, iliyoenea huko baada ya baridi kali ya mwaka 1709 kuua mizabibu mingi, kwa sababu ilistahimili baridi kuliko nyingine. Maneno *sur lie* yanaeleza kwamba mvinyo uliachwa juu ya mashapo ya hamira majira yote ya baridi kabla ya kutiwa chupani, jambo linaloupa ladha ya mkate na unene kidogo mdomoni. Huo ndio ambao ningeuchagua kwa supu ya samaki, maana Picpoul kwenye supu huonekana mkali mno. La pili ni Côtes de Gascogne, kutoka kusini-magharibi, unaotengenezwa mara nyingi kwa zabibu za Colombard na Ugni Blanc, ambazo kwa desturi zilikenekwa kuwa pombe kali ya Armagnac. Una harufu ya matunda zaidi, na mgeni aliyezoea mvinyo mtamu hatakunja uso. Kwa bei, yote miwili ni ya daraja moja na ule wa mama wa Kirumba.

SWALI: Nilifungua chupa ya mvinyo mweupe mchanga nikaona vipovu vidogo vimeshika ukingo wa glasi, na ulimi ukawasha kidogo kama soda iliyopoa. Haukuandikwa kuwa wa mapovu. Umeharibika? (Msomaji, Musoma)

JIBU: Kwa kawaida hapana. Hamira inapogeuza sukari kuwa kileo hutoa pia hewa ya kaboni, na mvinyo uliochachushwa kwa ubaridi na kutiwa chupani mapema, kama Muscadet ulioachwa juu ya mashapo, hubakiwa na kiasi kidogo cha hewa hiyo. Wapo watengenezaji wanaoiacha makusudi ili mvinyo uchangamke. Ukiuzungusha ndani ya glasi mara kadhaa itapotea. Iwapo mvinyo wenyewe una ukungu, kizibo kimesukumwa nje na harufu ni ya siki, hapo umeharibika: urudishe ulikoununua pamoja na risiti, na usiumwage kabla muuzaji hajaunusa.